PS Inawaka, TV Haionyeshi: Kagua Hivi Kabla Hujampelekea Fundi

Dogo mmoja wa mtaani kwetu alikuja kwenye banda la gemu na PS4 (PlayStation 4) ndani ya begi la shule. "Kaka, imekufa hii. Jana usiku tumecheza vizuri, leo TV inasema hakuna kitu." Nikaichomeka kwenye TV ya pale bandani, ikawaka, picha ikaja safi kabisa. Kumbe kwao dada yake alikuwa ameangalia tamthilia, akaiacha TV upande wa king'amuzi. PS ilikuwa imechomekwa HDMI 2 (HDMI ni waya mmoja unaobeba picha na sauti), inatoa picha yake vizuri kwenye tundu ambalo hakuna aliyelifungua.

Sikumcheka. Hata mimi nimewahi kufungua mashine nzima, skrubu zote mezani, ndipo nikagundua kuwa waya ndio mbovu. Tangu siku hiyo nina utaratibu mmoja: nabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, naanza na cha bei ndogo, na bisibisi inakuja mwisho.

Majaribio matatu ya dakika tano

Kabla hujasoma dalili yako huko chini, fanya haya. Mara nyingi yatakuambia mgonjwa ni nani: TV, waya au mashine.

La kwanza, bonyeza rimoti ya TV uongeze sauti, au ufungue menyu ya TV yenyewe. Ile menyu haitoki kwenye PS, inachorwa na TV. Kama picha ya gemu ina mistari au rangi mbaya lakini menyu ya TV imekaa safi juu yake, TV ni nzima. Tatizo linatoka kwenye mashine, waya au tundu. Kama menyu nayo ina mistari ileile, PS yako haina kosa lolote.

La pili, kama king'amuzi chako kinatumia HDMI na kinaonyesha vizuri, chukua waya wake uleule. Upande wa TV usiuguse. Chomoa upande wa king'amuzi, weka kwenye PS. Kwa tendo hilo moja umeshathibitisha waya, tundu la TV na TV yenyewe. Picha ikija, waya wako wa zamani au tundu ulilokuwa unatumia ndilo lenye shida. Isipokuja, macho yote yahamie kwenye mashine.

La tatu, soma taa. PS4 nzima huanza na taa ya bluu inayopumua, kisha inageuka nyeupe na kutulia. Ikitulia nyeupe huku TV haina picha, shida iko kwenye njia ya HDMI. Ikibaki bluu inapumua halafu inazima, hilo ni tatizo la ndani zaidi, na waya mpya hautalisaidia. Taa nyekundu ni joto limezidi. Kwenye PS3, kijani maana yake imewaka. Ikipiga njano kidogo halafu nyekundu ikaanza kukonyeza, ni bodi au mfumo wake wa umeme. Ile ya bluu inayozima na hii ya PS3 usizihangaikie nyumbani.

TV inaandika "No Signal"

Hii ndiyo inayoongoza, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chanzo cha kwanza ni kile cha dogo: TV iko kwenye tundu lingine. Bonyeza SOURCE au INPUT, pita tundu moja baada ya jingine, na kila moja lisubiri sekunde tano hivi, maana TV nyingi za bei nafuu huchelewa kushika picha. Usikisie namba ya tundu. Geuza TV, soma nyuma palipoandikwa.

Cha pili ni waya. Chomoa pande zote mbili, angalia ndani ya kichwa chake kama kuna pini iliyopinda au uchafu, rudisha mpaka uhisi umekaa. TV iliyosukumwa hadi ukutani huukunja waya palepale shingoni, na shingoni ndipo unapokatikia ndani kwa ndani bila wewe kuona. Jaribu waya mwingine unaojua unafanya kazi. Kununua mwingine mpya wa bei ya chini madukani Kariakoo (Dar) au Luthuli (Nairobi) si jaribio, kwa sababu unaweza kununua mbovu wa pili ukaamini PS imekufa.

Cha tatu ni mipangilio ya mashine. PS uliyoitoa kwenye TV kubwa inaweza kuwa inatuma rezolusheni, yaani wingi wa nukta za picha, ambayo TV yako ndogo haiwezi kuipokea. Na PS3 ina tabia yake: ina AV na HDMI, na inakumbuka njia iliyotumika mwisho. Ukiitoa kwenye TV ya zamani iliyokuwa na waya za rangi tatu ukaiweka HDMI, itaendelea kutuma picha AV, na wewe utaona giza. Mashine inarudishwa kwenye hali ya mwanzo ya picha namna hii:

PS3: hakikisha taa ni nyekundu, yaani imezimwa. Shikilia kitufe cha kuwashia bila kuachia. Italia mara moja inapowaka. Endelea kushikilia mpaka ilie tena, kama sekunde tano hivi. Achia. Itatafuta upya waya uliochomekwa.

PS4 na PS5: izime kabisa, isiwe imelala na taa ya chungwa. Shikilia kitufe cha kuwashia mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde saba. Itaingia Safe Mode, hali yake ya dharura. Unganisha pedi kwa waya wa USB, bonyeza kitufe cha PS, chagua namba 2, ile ya kubadilisha rezolusheni au njia ya kutoa picha. Hapa watu wengi hukwama: pedi haijibu. Mara nyingi si mbovu. Waya wa kuchajia simu ulioazima huenda hauna nyaya za data ndani, una za umeme peke yake. Tafuta waya unaoweza kuhamisha picha kutoka simu kwenda kompyuta, huo utafanya kazi. Na ukishafika kwenye orodha hiyo, namba 6 na 7 usiziguse. Zote mbili zinafuta kila kitu, gemu na kazi ulizohifadhi.

Xbox One: ikiwa imezimwa, shikilia kitufe cha kuwashia pamoja na kile cha kutolea diski mpaka mlio wa pili, kama sekunde kumi. Itawaka kwa rezolusheni ya chini kabisa, 640 kwa 480, uweze kuingia na kurekebisha.

Nintendo Switch ina kisa kimoja cha kawaida, nacho ni chaja. Kile kitako chake kinahitaji chaja yake halisi ya volti 15 na ampea 2.6 ndipo kitoe picha kwenye TV. Chaja ya simu itachaji betri taratibu na TV itabaki giza.

Cha nne ni tundu la HDMI la mashine. Zima, chomoa umeme, washa tochi ya simu, chungulia. Kuna pini 19 zimejipanga kwenye ulimi mwembamba. Unatafuta pini iliyopinda, ulimi uliovunjika, kutu, au mende. Ndiyo, mende. PS4 ina joto na giza ndani, na kwa mende hiyo ni nyumba ya kupanga isiyo na kodi. Sisi tulio karibu na bahari tuna la ziada: hewa ya chumvi hula pini taratibu. Kama picha huja ukiinua kichwa cha waya kidogo na kuondoka ukikiachia, tundu limelegea kwenye bodi. Kuliwekea kijiti au kufunga waya kwa mpira kutakupa wiki moja, na baada ya hapo litang'oka pamoja na njia za shaba zilizo chini yake, na kazi ya fundi itakuwa kubwa mara mbili.

Cha tano, na cha mwisho, ni chipu inayosukuma picha kwenda HDMI. Kwenye PS4 za mwanzo imeandikwa MN86471A, kwenye Slim na Pro ni MN864729. Nakuandikia namba ili fundi akikwambia "tatizo ni chipu" uweze kumuuliza ni ipi, uone kama anaijua.

Kuna njia ya kujua kama mashine iko hai kabla ya kulipa. Kama zamani uliwahi kuunganisha simu yako na PS kwa Remote Play, jaribu sasa. Picha ikija kwenye simu, ubongo wa PS ni mzima na ni mlango wa HDMI tu umeharibika. Kama hukuwahi kuunganisha, ingiza diski usikilize kama inazunguka, washa pedi uone kama inashika rangi.

Nimenunua waya wa HDMI kwenda AV, TV ya chogo haionyeshi

Pole, umeuziwa mapambo. Ule waya wenye kichwa cha HDMI upande mmoja na mikia mitatu ya njano, nyekundu na nyeupe upande wa pili hauwezi kufanya kazi kwa PS yoyote. HDMI inabeba picha kwa tarakimu, TV ya chogo, ile nene ya zamani, inataka mawimbi ya kizamani. Lazima kati yao kuwe na kitu kinachotafsiri. Kitu hicho ni kale kaboksi kadogo kanakochomekwa USB kupata umeme wa volti 5. Kama ulichonunua hakina mahali pa kuingiza umeme na hakina boksi, kirudishe dukani.

Kama una kaboksi na bado hakuna picha, kwanza angalia kama kimepata umeme. USB ya PS yenyewe inatosha kwa vingi, ila ukichomeka chaja ya simu ni salama zaidi. Kisha angalia kitufe kidogo cha PAL na NTSC (mifumo ya rangi ya TV) pembeni yake, jaribu upande wa pili. Kama bado ni giza, huenda ni kinga ya kunakili picha, HDCP. Rudisha PS4 kwenye TV ya HDMI, ingia Settings, kisha System, uizime; ila ikizimwa, baadhi ya programu za filamu hazitafunguka. PS3 haina chaguo hilo.

Na hata ikifanikiwa, ujue unachopata. Maandishi ya PS4 yametengenezwa kwa TV ya HD. Kwenye chogo ya inchi 21 majina ya wachezaji yatakuwa kama mchanga. Kwa banda la kulipisha watu sikushauri. Kwa PS2 chogo bado ni mfalme.

PS2: picha nyeusi na nyeupe, au inakimbia kwenda juu

PS2 bado zimejaa mitaani, na lawama yake kubwa ni picha kukosa rangi.

Kwenye TV bapa za sasa, angalia matundu ya AV. Nyingi zimeunganisha tundu la njano na la kijani kuwa moja, mara nyingi limepakwa kijani na kuzungushiwa njano. Waya wako wa njano unaingia hapo, halafu kwenye SOURCE unachagua AV, si Component (njia ya waya tatu za picha). Ukichagua Component, unapata picha isiyo na rangi na unadhani PS imechoka. TV nyingine zina kitundu kidogo kama cha hedfoni chenye waya wake wa kugawanya. Waya hizo hufanana kwa nje lakini mpangilio wa ndani hutofautiana, kwa hiyo wa TV nyingine unaweza kuleta sauti mahali pa picha. Kabla ya kuutupa, jaribu kuchomeka njano kwenye mkia mwekundu au mweupe.

Ikiwa waya uko sawa, ni mfumo wa rangi. Huku kwetu TV zilikuja na PAL, mzunguko wa 50 kwa sekunde. Gemu za Marekani na Japani ni NTSC, 60. Chogo isiyojua NTSC itaonyesha bila rangi, au picha itakimbia juu kama pazia linalovutwa. Fungua menyu ya TV, tafuta Colour System, weka Auto au NTSC. Ikiwa diski moja ina rangi na nyingine haina, umeshapata jibu bila kugusa kitu kingine.

Wenye kile kidude cha kugeuza PS2 kuwa HDMI: ukiona rangi za zambarau na kijani za ajabu, rudisha PS2 kwenye AV ya kawaida, ingia kwenye mipangilio yake, na kwenye Component Video Out chagua Y Cb/Pb Cr/Pr, acha RGB.

Jambo moja la umeme niliseme hapahapa. PS2 nyingi za Japani zimeandikwa 100V nyuma. Ukiichomeka kwenye soketi yetu ya 230 utasikia "pa!" na hadithi imekwisha. Soma lebo kwanza. Iliyoandikwa 100-240V haina tatizo. Iliyoandikwa 100V au 120V peke yake inahitaji transfoma ya kushusha umeme.

Kioo cheusi, lakini sauti ya gemu inasikika

Hapa usianze na PS. Zima taa za chumba, washa tochi, isogeze karibu na kioo kwa kuinamisha pembeni. Ukiona kivuli cha menyu au wachezaji kwa mbali, picha ipo. Kilichokufa ni taa za ndani ya TV zinazoangaza kioo kutoka nyuma. King'amuzi nacho kitakuwa hivyohivyo. Ni kazi ya fundi wa TV: umeme wa taa hizo unaweza kupita volti 100, na kioo kinavunjika kwa kugusa tu wakati wa kukitoa.

Usipoona kivuli na king'amuzi kinaonyesha vizuri, rudi kwenye Safe Mode kama nilivyoeleza.

Picha inakata sekunde moja kisha inarudi

Waya, halafu tundu lililolegea, halafu urefu wa waya. Bandani watu huvuta HDMI ya mita kumi ili TV ikae juu na PS ikae kwenye sanduku lenye kufuli. Urefu huo kwa waya wa kawaida ni bahati nasibu, hasa kwa 4K. Sogeza mashine karibu, jaribu waya mfupi. Picha ikitulia, umepata mchawi. Kama huwezi kuisogeza, shusha rezolusheni kuwa 1080p au 720p, na zima Deep Color na HDR, zile rangi za ziada; data inayopita itapungua na waya utapumua.

Wenye PS5 na TV ya 4K waangalie pia mipangilio ya tundu la TV. Samsung huita Input Signal Plus, LG huita HDMI Ultra HD Deep Colour. Mara nyingine ni tundu moja au mawili tu ya TV yanayobeba kila kitu. Na tumia waya uliokuja kwenye boksi la PS5. Wengi huuacha kwenye nailoni yake wakatumia wa PS3.

Kama picha hukata kila jirani anapowasha mashine ya kusaga juisi au friji inapoanza kunguruma, huo ni umeme. Toa PS na TV kwenye ekstensheni yenye pasi na feni, ziweke kwenye soketi yao.

Nukta zinazometa, mistari, pembetatu za ajabu

Nukta nyeupe au kijani zinazometa kila mahali, hata kwenye menyu ya PS, ni waya. Badilisha.

Nyasi za uwanja kugeuka pembetatu, wachezaji kurefuka nyuso, kisha mashine kuganda baada ya nusu saa: hiyo ni joto, au chipu ya picha imeanza kuchoka. Zima, iache ipoe, puliza vumbi kwenye matundu ya hewa, itoe kwenye lile sanduku la mbao lisilo na tundu. Ikiwa inaanza kuharibika ikiwa bado ya baridi, mpelekee fundi wa mashine za gemu.

Mstari mmoja wima usioondoka, hata kwenye menyu ya TV, ni kioo. Kwa kawaida kuna aliyefungwa goli la dakika ya 90 akarusha pedi. Bei ya kioo kipya mara nyingi inakaribia TV nzima, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kukubali matengenezo.

Rangi za pinki, kijani, au picha iliyofifia

Pinki au kijani kote kwenye HDMI: chomoa, rudisha, kisha jaribu waya mwingine. Ikibaki, ingia Video Output Settings kwenye PS4 ubadilishe RGB Range kuwa Automatic. Mpangilio huohuo ukikaa vibaya ndio unaofanya weusi uonekane kijivu, au gizani usione kitu kabisa: PS inatuma upana wote wa mwanga (Full), TV inasubiri uliobanwa (Limited).

Chogo yenye doa la zambarau au kijani kwenye kona haijaharibika. Kuna spika kubwa karibu yake. Sumaku. Ondoa spika, zima TV kwa swichi ya ukutani nusu saa, iwashe. Nyingi hujisafisha zinapowaka zikiwa baridi. Huenda ukarudia mara mbili tatu.

Matokeo ya mechi yamekatwa pembeni

TV inaikuza picha. Kwenye menyu ya picha ya TV tafuta Screen Fit, Just Scan, 1:1 au jina linalofanana. Usipolipata, PS4 ina Display Area Settings ndani ya Sound and Screen. Anza na TV lakini, kwa sababu kubana picha kwenye PS kunaifanya iwe na ukungu.

"Pedi inachelewa"

Mara nyingi si pedi, ni TV inayochelewa kuchora picha. Weka TV kwenye Game Mode.

Kwa nini matundu ya HDMI yanaungua sana kwetu

Hili ndilo ningependa wenye mabanda walibandike ukutani. Ukigusa skrubu ya chuma nyuma ya TV kwa mkono mkavu au ncha ya waya wa antena, umewahi kuhisi kitu kinakutekenya? Vifaa hivi vingi vina waya mbili za umeme bila ethi (waya wa ardhini), na ndani kuna vijikapasita vinavyovujisha umeme kidogo sana kwenda kwenye chuma chake. Ukipima kwa mita unaweza kuona karibu nusu ya umeme wa ukutani, volti 115 hivi. Nguvu yake ni ndogo, haikuui, lakini chipu ya HDMI imetengenezwa kwa volti chache tu.

Sasa wewe una TV inayoelea hivyo, PS inayoelea hivyo, na king'amuzi kilichofungwa kwenye dishi lililoko juu ya bati. Unachomeka HDMI vyote vikiwa vinawaka. Tofauti ya umeme kati yao inamalizana kwenye kile kichwa cha waya, na siku waya ukiingia kwa kupinda, pini ya data inagusa kabla ya chuma cha nje. Mara mia haitatokea kitu. Mara ya mia na moja tundu linakufa, na mteja anaapa kwamba "sijafanya chochote, nimechomeka tu."

Kwa hiyo: zima TV na PS kwenye swichi ya ukutani, unganisha HDMI kwanza, umeme mwisho. Wakati wa kuchomoa, umeme kwanza. Msimu wa masika, mawingu yakianza kunguruma, chomoa na waya wa dishi na wa antena pia. Kuzima swichi pekee hakutoshi, maana radi inaweza kuingia kwa dishi, ikapita king'amuzi, ikaingia TV, ikatokea kwenye PS.

Mtekenyo ukizidi ukawa shoti ya kukurusha mkono, hiyo si hali ya kawaida tena. Zima swichi kuu na umwite fundi umeme wa nyumba.

Hapa simama

Harufu ya kuungua, moshi, mlio wa kupasuka au maji yaliyoingia: chomoa, usiwashe "kujaribu tena". Umeme wa 230 ukishanyooshwa ndani ya mashine hufika volti 325 hivi, na kapasita kubwa huushika hata baada ya kuchomoa. Chogo ndiyo mbaya zaidi. Ndani yake kuna makumi ya maelfu ya volti, na kioo chenyewe huweza kuhifadhi umeme huo TV ikiwa imezimwa. Hata mafundi wazoefu huufungua mgongo wake kwa heshima. Wewe usiufungue.

Tundu la HDMI usilichomelee kwa pasi ya risasi ya kuunganishia spika. Pini 19 kwenye nafasi ndogo kuliko ukucha zinahitaji mashine ya hewa ya moto na hadubini. Fundi asiye na vitu hivyo mshukuru, uende kwa mwingine. Aliye navyo ataanza kwa kubadilisha tundu, kisha atapima vifaa vidogo vilivyo nyuma yake, na chipu itakuwa ya mwisho. Mwombe akurudishie tundu la zamani. Na akikwambia kwamba ili kutengeneza HDMI ni lazima afute gemu zako, ifunge PS yako kwenye begi uondoke. Picha kutoka nje na gemu zilizohifadhiwa kwenye diski ya ndani ni vitu viwili visivyojuana.

Ukifika kwake mwambie hivi tu: taa inatulia rangi gani, umejaribu waya upi na TV ipi, Safe Mode imeonekana au haikuonekana, na picha iliondoka lini, wakati wa kuchomeka, wakati wa radi au katikati ya mechi.